Mlango Ambao Kilatini Kiliuita Shingo

Gari la matangazo likipita Kirumba, Mwanza, asubuhi, likakata kona kuelekea Mwaloni ambako wachuuzi wa dagaa wameshafungua magunia, kipaza sauti chake kina kazi ngumu. Kinashindana na honi za bodaboda, na wapiga debe wa daladala za Igombe na Buswelu, na mwenye duka la simu aliyeamua kuugawia mtaa mzima muziki wake. Katika tangazo zima msikilizaji huambulia vipande tu: bure, Buzuruga, kituo cha afya, wanawake wa miaka 30 hadi 50, saratani ya... Neno linalofuata hapo ndilo lililonikalisha niandike. Mtangazaji mmoja atasema shingo ya kizazi. Mwingine atasema mlango wa kizazi. Wote wawili wanafasiri neno moja la hospitali, cervix, ambalo Waingereza walilichukua kwa Warumi bila kubadilisha hata herufi.

Tuanzie Roma. Kilatini kina maneno mawili kwa shingo. Collum ni shingo kwa jumla, ile inayovishwa shanga. Cervix ni shingo ikitazamwa kwa nyuma, pale tunapopaita ukosi, mahali nira inapokaa kwa ng'ombe na mzigo unapomlemea mchukuzi. Msukuma aliyewahi kulima kwa maksai anapajua vizuri, maana ndipo manyoya yanapoanza kunyonyoka. Na kwa kuwa nira hukaa hapo, neno likabeba habari za utii na za ukaidi kwa mpigo mmoja. Jerome alipoitia Biblia katika Kilatini kuelekea mwisho wa karne ya 4, taifa lisilotaka kuongozwa alilieleza kwa cervix iliyo ngumu. Waswahili walipofika mahali hapohapo wakasema watu wenye shingo ngumu, na hakuna aliyehitaji maelezo.

Kuna kioja cha kisarufi pia. Warumi wa zamani kwa kawaida walilisema neno hili kwa wingi, cervices, hata walipomtaja mtu mmoja mwenye shingo yake moja. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1, anaeleza kwamba yaelekea Hortensius ndiye aliyetangulia kulitamka katika umoja. Hortensius alikuwa wakili na msemaji, mshindani wa Cicero mahakamani, mtu wa madaha. Umoja anaosemekana kuuanzisha ndio huu ulioko leo katika fomu za kliniki ya wanawake, kuanzia London hadi Mwanza.

Shingo ilifikaje kwenye kizazi? Hapo Warumi walikuwa wanafunzi, na walimu wao walikuwa Wagiriki. Soranus, tabibu aliyetoka mji wa Efeso na kufanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya 2, aliandika kitabu cha maradhi ya wanawake ambacho kilisomwa kwa zaidi ya miaka elfu. Humo anasema kizazi cha mwanamke kina umbo la kile chombo cha kuumikia, ambacho pwani kiliitwa chuku. (Kupiga chuku, kama ijulikanavyo, ni pia kutia chumvi katika habari, na mabingwa wa anatomia wa leo wangesema Soranus alizipiga zote mbili.) Chombo hicho amekigeuza juu chini, kisha akakitaja kipande kwa kipande: mdomo, shingo, mabega, kitako. Kilatini kikarithi orodha hiyo. Mdomo ukawa os, shingo ikawa cervix, kitako kikawa fundus.

Neno hilo la mwisho ndilo ushahidi mzuri kuliko yote. Mjamzito akilala kitandani katika kliniki yoyote ya wilaya yetu, Ilemela, muuguzi huchukua utepe akapima kutoka mfupa wa kinena hadi ncha ya juu kabisa ya kizazi, na ncha hiyo ya juu vitabu vyake vinaiita fundus, yaani kitako. Kitako kiko juu! Hakuna anayeshangaa, kwa sababu hakuna anayelisikia neno. Chombo cha Soranus bado kimening'inia juu chini ndani ya istilahi, na udaktari umekizunguka kwa miaka 1,900 bila kukigusa.

Wala mpaka wa shingo yenyewe haukutulia. Andreas Vesalius, aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha umbile la mwili mwaka 1543, alipoandika shingo ya kizazi alikuwa na maana ya njia yote anayopita mtoto hadi nje. Ilibidi wanaanatomia waliomfuata waigawe njia hiyo sehemu mbili, ile ya juu ikabaki na shingo, na ile ya chini ikapewa neno jingine la Kilatini, vagina. Katika Kilatini cha mitaani vagina ni ala, kifuko cha kutilia upanga. Sina haja ya kueleza upanga ulikuwa wa nani. Kiswahili kwa sehemu hiyo kina uke, neno lililojengwa kwa mzizi uleule wa mke na -a kike, lisilomtegemea askari yeyote. Nikipima maneno haya mawili bila upendeleo, na nakiri ninao, naona letu limelizidi lao kwa adabu na kwa akili pia.

Hawa wote, Soranus, Vesalius na wenzao, walikuwa wanaume wakitazama kitu kutoka nje. Vesalius alikitoa kizazi katika maiti, akakiweka juu ya meza. Kikiwa mezani, kweli kinaonekana kama chombo chenye shingo, sehemu nyembamba ya sentimita tatu au nne iliyotokeza chini ya sehemu pana. Jina linakwenda na mahali aliposimama mtazamaji. Mkunga hasimami hapo. Yeye hakioni kizazi kamwe, hukijua kwa vidole viwili. Wanafunzi wa ukunga hufundishwa kwamba kisipokuwa na mimba, sehemu hii ni ngumu mguso wake kama ncha ya pua, na mimba ikiingia hulainika ikawa kama midomo. Siku ya kujifungua hupimwa kwa sentimita, kutoka sifuri hadi kumi, na kinachopimwa ni uwazi. Kitu kinachofungwa miezi tisa, kikafunguka kwa saa kadhaa, kikapitisha mtu, kwa Kiswahili si shingo.

Ndiyo maana nasimama na wale wanaosema mlango, nao naona wanazidi kuwa wengi. Mabango ya afya siku hizi yana mlango wa kizazi mara nyingi kuliko shingo, ingawa magazeti bado yanachanganya, na wapo waandishi wanaoanza habari na shingo wakaimaliza na mlango. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, limekuwa likisanifu istilahi tangu lilipoundwa mwaka 1967, lakini neno la namna hii halingoji kamati. Huamuliwa foleni ya kliniki inavyosogea.

Neno mlango lina pia hoja ya masikio. Tangazo likikatizwa na honi baada ya saratani ya shingo, msikilizaji wa Kirumba anayo haki ya kushika koo. Atafikiria rovu, au uvimbe wa koo aliokuwa nao marehemu fulani wa ukoo wao. Mlango haudanganyi hivyo, maana hakuna mlango mwingine mwilini wa kuchanganya nao. Kiingereza kina tatizo hilohilo na hakijalitatua. Kivumishi cervical kinatumika kwa pingili saba za mfupa wa shingo na kinatumika kwa kizazi, kiasi kwamba mgonjwa asiye na Kilatini akisikia kivumishi peke yake hajui avue mtandio au avue nini.

Na mlango hauko peke yake katika Kiswahili. Kizazi kwa jina lake la zamani ni mji wa mimba, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inao. Mji huo si lazima uufikirie kama Mwanza yenye taa za barabarani. Mji kwa Kiswahili cha kale ni maskani, makazi ya watu wa nyumba moja, na ndilo pia jina la sehemu ya kati ya kanga, ile iliyozungukwa na pindo. Mwanamke anayefika Buzuruga amejifunga kanga ana mji juu ya mji. Mji una mlango, na mlango una anayeingia na anayetoka. Picha inakamilika yenyewe, bila chuku ya Soranus.

Lakini ukisikiliza wodi ya wazazi yenyewe, si shingo wala mlango unaotajwa sana. Muuguzi akimaliza kupima humwambia mwenye uchungu, mara nyingine kwa kumwita mayu kama wafanyavyo wenyeji wa huku: njia imefunguka sentimita nne. Ndugu walioko nje wakiuliza, huuliza njia. Njia ni neno pana, linachukua kutoka mlango wa ndani hadi nje, yaani linachukua karibu kilekile alichokiita Vesalius shingo mwaka 1543 kabla wenzake hawajakigawa. Na maji yakitoka husemwa chupa imepasuka. Chupa! Katika vyombo vyote, hiki ndicho chenye shingo kweli, na Kiswahili kikakichukua kwa ajili ya ule utando wa maji bila kuigusa shingo yake. Sijui mwalimu wa istilahi gani angeweza kuyapanga haya: mji, mlango, njia, chupa, yote katika chumba kimoja, na wanawake wanazaa salama bila kugongana nayo.

Ugonjwa wenyewe ni habari nyingine kabisa. Saratani tumeipata kwa Waarabu, na kwa Kiarabu saratani ni kaa, yule wa majini mwenye miguu mingi na magando. Waarabu walifasiri Kigiriki, karkinos, na Warumi walifasiri hichohicho wakapata cancer, naye pia ni kaa. Sababu inayotolewa tangu kale ni mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe, ikatanuka kama miguu. Kwa hiyo anayesema kansa na anayesema saratani, wakibishana nani anasema Kiswahili safi, wote wawili wanamtaja mnyama mmoja. Wasomaji wa nyota magazetini wanamjua, kwao yuko katika safu ya Kaa, na watoto wa shule wanamjua bila kumjua wanapochora Tropiki ya Kansa kwenye ramani. Mvuvi wa Igombe anayemkuta kaa halisi amenasa wavuni humtupa tu, na hamhusishi na hospitali. Kaa wa ugonjwa amelala usingizi mzito, kwa Mswahili na kwa Mwingereza pia.

Usingizi huo ndio ninaotaka kuufikiria, kwa sababu una faida ambayo sisi wapenda maneno huwa hatuikubali. Nimesifu mlango kwa kuwa unasema. Neno cervix halisemi kitu kwa Mwingereza wa kawaida, ni sauti tu iliyofungwa kwenye kiungo kama lebo ya duka la dawa. Wapenda lugha ya taifa tumezoea kuhesabu hilo kuwa hasara ya Kiingereza na ushindi wetu: sisi tunaelewa tunachokisema. Ni kweli. Ila neno linalosema haliachi kusema pale daktari anapotaka linyamaze.

Tazama kizazi. Ni kiungo, na ni watoto utakaowapata, na ni watu wa rika moja, na ni vizazi vinavyofuatana tangu babu hadi vijukuu. Kiingereza hutenganisha kiungo, watoto na rika kwa maneno tofauti. Sisi tunalo moja. Sasa tazama mlango. Katika Kiswahili chenyewe mlango ni pia tawi la ukoo, na wazee wa pwani wakiulizana mtu ni wa mlango gani hawaulizi anuani. Ukizunguka Ziwa Victoria maana hiyo inazidi nguvu. Wajaluo, ambao si wageni Kirumba, ukoo huuita dhoot, neno lililoungwa kwa mdomo na nyumba: mdomo wa nyumba ni mlango. Wanyarwanda na Warundi wana umuryango, ambao ni mlango na ni familia. Chanzo kinaeleweka katika boma la wake wengi, ambapo kila mke ana mlango wake, na watoto waliopita mlango mmoja ni watu wa mama mmoja. Kwa hiyo msikilizaji wa Ilemela, awe ametoka Magu, Rorya au Ngara, anapoambiwa mlango wa kizazi hasikii kiungo tu. Maneno yote mawili yana ukoo ndani yake.

Halafu kuna kitenzi kinachokwenda na mlango. Mlango hufungwa. Na kufunga kizazi kwa Kiswahili ni jambo mahususi, ni ule upasuaji wa kufunga mirija ili mwanamke asizae tena. Unatangazwa katika kliniki zilezile, pengine ubaoni palepale panapotangazwa uchunguzi. Hofu mojawapo kubwa iliyozunguka chanjo ya kukinga saratani hii kwa miaka mingi, hapa na katika nchi nyingine, ilikuwa kwamba wasichana watafungwa kizazi. Uvumi huo haukuzaliwa na sarufi, una historia yake, na wenzetu wanaozungumza lugha tofauti kabisa wanao pia. Hata hivyo naamini Kiswahili kiliupunguzia kazi. Mwambie mzazi kwamba bintiye wa miaka tisa atachomwa sindano ya mlango wa kizazi, kisha umwombe asifikirie kufunga. Shingo haifungwi. Kwa upande huo, na kwa upande huo tu, neno la kina Soranus lilikuwa salama zaidi.

Na chanjo hiyo Mwanza inaijua kuliko miji mingi ya Afrika. Mwaka 2010 na 2011, shule 134 za msingi za mkoa huu ziliingia katika utafiti wa kutafuta namna bora ya kuwafikia wasichana, kuwachanja kwa darasa au kwa umri. Miaka michache baadaye ukaja utafiti ulioitwa DoRIS, wa kitengo cha utafiti cha MITU pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na wenzao wa London. Wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, waligawanywa katika makundi ya dozi moja, mbili au tatu. Swali lilikuwa kama dozi moja yatosha. Damu zao zilionyesha kinga iliyolingana na ile ya wanawake wa nchi nyingine ambao dozi moja ilikwisha kuonekana inawakinga, na matokeo hayo ya mwaka 2022 yakawa miongoni mwa yale yaliyoliwezesha Shirika la Afya Duniani kukubali ratiba ya dozi moja mwaka huohuo. Tanzania, iliyoanza chanjo hii kitaifa Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na kwa dozi mbili, mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa miaka 9 hadi 14. Akina mama wa nchi za mbali ambao mabinti zao huchomwa sindano moja badala ya mbili au tatu wanadaiwa shukrani na mabinti wa huku, na hawajui.

Haraka ya kutafuta jibu ilikuwa na sababu. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 hupata ugonjwa huu nchini kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alipanda basi hadi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, na wengi walifika wamechelewa. Sasa mionzi inatolewa hapa Mwanza, hospitali ya Bugando, na kilicho muhimu zaidi kinafanyika chini kabisa, katika vituo vya afya. Muuguzi huupaka mlango maji ya asidi ya siki, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kama pana weupe uliojitokeza. Chombo anachotazamia kinaitwa speculum, ambacho kwa Kilatini ni kioo, kioo cha kujitazamia kabisa, na asidi hiyo kwa jina la kitabu imetoka kwa acetum, siki. Kwa mara moja Kilatini na Kiswahili vimekubaliana kwamba siki ni siki. Weupe ukionekana ukiwa bado dalili za awali, unaweza kutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi kali, na kwa hilo wahudumu wetu wana istilahi ninayoionea wivu: tiba mgando. Maneno mawili, hakuna kiunganishi, na mgonjwa anaondoka akijua alichofanyiwa.

Tukirudi kwenye sindano: neno chanjo nalo linasema, na linasema wembe. Limetoka kwa kuchanja, kukata ngozi chale, jambo ambalo babu zetu walilifanya kwa kutia dawa na ambalo wachanjaji wa ndui walilifanya pia. Kiingereza kina vaccine, na ndani yake yumo ng'ombe, vacca, kwa sababu Edward Jenner alipoandika mwaka 1798 juu ya ndui ya ng'ombe aliita ugonjwa huo kwa Kilatini. Ukiondoa Wamasai na majirani zao, sidhani kama kuna watu duniani waliostahili neno lenye ng'ombe kuliko Wasukuma, na wao wakapewa wembe! Lakini tena, ng'ombe wa Jenner amelala, na wembe wetu uko macho. Wahudumu shuleni wanalijua hilo bila kusoma Kilatini, maana wengi huwaambia watoto sindano.

Na ugonjwa wanawatajiaje? Hapa ndipo ninapoona ujanja wa watu wa afya ambao hakuna kamati iliyoupitisha. Kwa wanafunzi na wazazi wao wanasema chanjo ya HPV, kwa jina la kile kinacholeta ugonjwa huo. Herufi tatu, zikitamkwa ech-pii-vii. Herufi ya mwisho ni virus, neno la Kilatini kwa sumu au ute mbaya, ambalo Warumi hawakuwa na kawaida ya kulitia katika wingi. Kiswahili kikalichukua, kikaona lina vi- mwanzoni, kikalihesabu kuwa wingi wa ngeli yetu wenyewe, kisha kikalitafutia umoja: kirusi. Hortensius angefurahi kumpata mwenzake. Lakini ndani ya HPV hata kirusi hakisikiki. Hakuna kizazi humo, hakuna mlango, hakuna cha kufunga wala kufungua. Ni neno bubu kama cervix lilivyo bubu London, na limechaguliwa, nadhani, kwa sababu hiyohiyo.

Mama wa mmoja wa wanafunzi hao, akipita Mwaloni gari la matangazo likiwa limesimama, hapo hasikii HPV. Yeye anaambiwa mlango wa kizazi, kwa sauti, na kituo anatajiwa, na siku. Kwa mtu mzima aliyewahi kusubiri njia ifunguke, neno linalosema ndilo linalomfikisha Buzuruga. Kwa binti yake limefichwa katika herufi. Wapenzi wa usanifu wa istilahi wataona huo ni mchafuko, kitu kimoja majina mawili katika kampeni moja, na wangependa ulinganifu. Mimi ningewaomba wasiguse.